Kichwa cha Treni Kipate Sauti: Kufunga Dekoda kwenye Modeli ya Zamani

Kichwa cha treni ya modeli kinachotembea vibaya huvumilika kikiwa kimya. Kikikwama kwenye pointi ya reli, unakisukuma kwa kidole na safari inaendelea. Kikishafungwa sauti, kukwama kule kunasikika chumba kizima: injini inazimika katikati ya ngurumo, inawaka upya tangu mwanzo, honi inakatika njiani. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na dekoda, kile kifaa kidogo kinachosoma amri za kidijitali na kuongoza mota, taa na sauti. Unaanza na magurudumu, grisi na spiriti, kwa sababu sauti nzuri hutengenezwa zaidi kabla ya kukata waya wa kwanza, na baadaye tena, bodi ikisharudi mahali pake, unapokaa na kidhibiti mkononi kuipunguza sauti iliyotoka kiwandani ikiwa kubwa kupita kiasi.

Nitatumia mfano mmoja: GP38-2 ya Athearn ya kipimo cha HO, yaani 1:87, ile iliyouzwa Marekani ndani ya boksi la buluu hadi wapenzi wa treni ndogo wakaiita kwa jina la boksi lake. Vichwa hivi vilitengenezwa kwa wingi, bado vinapatikana kwa bei nafuu kama mitumba, na gia zake hudumu. Havina soketi ya dekoda, na fremu yake ya chuma ndiyo inayopeleka umeme wa reli moja kwenye mota. Ukikiweza hiki, vingine vingi vitakuwa vyepesi.

Kama kichwa chako ni cha kisasa na kina soketi, tambua aina yake kabla ya kununua chochote: ya pini 8, 21MTC, PluX22, au Next18 ambayo huonekana zaidi kwenye vichwa vidogo vya kipimo cha N. Toa kiziba kilichowekwa na kiwanda, chomeka dekoda, kisha ruka hadi kwenye sehemu ya spika.

Umeme wa reli ukibadilika

Katika mfumo wa kawaida wa DC, ukiongeza volti kwenye reli mota inaongeza mwendo, ukizigeuza inarudi nyuma. Vichwa viwili vikiwa kwenye reli moja vinakwenda pamoja, upende usipende. Mfumo wa kidijitali unaotumika zaidi leo ni DCC, uliotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, kisha ukafanywa kiwango na NMRA, chama cha wapenzi wa reli za modeli cha Marekani, katika miaka ya 1990. Ndiyo sababu dekoda ya kampuni moja inaelewana na mtambo wa kutoa amri wa kampuni nyingine.

Katika DCC reli zina umeme kamili wakati wote, kwa kawaida volti 14 hadi 16 kwa HO, hata vichwa vyote vikiwa vimesimama. Umeme huo unageuka huku na huku maelfu ya mara kwa sekunde, na ujumbe umo katika muda wa kila mgeuko: maikrosekunde 58 ni alama ya 1, maikrosekunde 100 au zaidi ni alama ya 0. Dekoda zote zilizo kwenye reli zinapokea kila ujumbe, lakini inayotii ni ile iliyotajwa anwani yake, kama mwalimu anapoita jina darasani na mwanafunzi mmoja akasimama.

Hapa ndipo ilipo kanuni inayotawala kazi yote. Dekoda inakaa kati ya reli na mota: inachukua umeme wa reli, inausoma, kisha inaipa mota kiasi ilichoamriwa. Umeme wa reli ukifika kwenye mota kwa njia nyingine yoyote, hata kwa kijino cha chuma kinachogusa fremu, dekoda inaungua papo hapo. Dekoda nzuri ya sauti hugharimu dola mia moja za Marekani au zaidi. Kipande cha tepu kinatosha kuiokoa.

Anza na kichwa chenyewe

Kiendeshe kwanza kwa DC. Kiende polepole kabisa, mbele na nyuma, huku ukikisikiliza bila muziki wala redio. Mlio wa kusaga hutokana na gia kavu au grisi iliyoganda. Mdundo wa tik-tik unaofuata mzunguko wa gurudumu mara nyingi ni gia ya plastiki iliyopasuka kwenye ekseli. Usidhani sauti ya spika itaifunika kelele hiyo. Spika ndogo ina sauti nyembamba, na kelele ya gia itapenya katikati yake, hasa injini inapokuwa kwenye mzunguko wa chini.

Fungua vigari vya magurudumu, osha grisi ya zamani, weka mafuta kidogo yasiyodhuru plastiki. Kidogo ni kidogo kweli: tone kwenye kila beringi, grisi nyembamba kwenye meno ya gia. Mafuta yakizidi hutambaa hadi kwenye magurudumu, na umeme unaanza kukatika.

Magurudumu ya zamani ya Athearn yalitengenezwa kwa unga wa chuma ulioshindiliwa. Yana vinyweleo, na vinyweleo hukamata uchafu. Kwa kichwa cha sauti ninashauri uyabadilishe kwa magurudumu yaliyopakwa nikeli. Hakuna fedha utakayoitumia vizuri zaidi katika mradi huu. Ukiyabakiza, yasafishe: laza kitambaa chenye spiriti juu ya reli, kigari kimoja kikanyage reli tupu ili kipate umeme, kingine kizunguke juu ya kitambaa, kisha ugeuze.

Kisha pima umeme ambao mota inakula ikikwama. Weka multimita kwenye tundu la ampea 10, iunganishe katikati ya waya mmoja unaotoka kwenye kidhibiti cha DC, fungua hadi volti 12, shika kwa kidole gurudumu zito lililo kwenye mhimili wa mota hadi lisimame. Soma namba na uachie. Sekunde moja au mbili zinatosha. Dekoda nyingi za HO zinahimili takriban ampea 1 mfululizo. Namba yako ikizidi uwezo ulioandikwa kwenye karatasi ya dekoda, safisha kaboni na komyuteta upime tena. Ikibaki juu, nunua mota mpya ya kisasa. Mota inayokula ampea nyingi haifai kupewa dekoda ya bei kubwa.

Sauti ya nani?

Wengi hununua dekoda kwa kutazama bei na ukubwa. Mimi ninasema sauti ndiyo itangulie. GP38-2 halisi ilitengenezwa na EMD, kitengo cha General Motors, kati ya 1972 na 1986: injini ya mfululizo wa 645 yenye silinda 16, nguvu za farasi 2,000, bila turbo. SD40-2 ya kiwanda hichohicho, kutoka miaka ileile, ina silinda 16 pia, lakini ina turbo na nguvu za farasi 3,000. Mluzi wa turbo unasikika wazi injini inapopanda. Ukiiwekea GP38-2 sauti ya SD40-2, mtu yeyote aliyewahi kusimama kando ya reli za Marekani ataling'amua kosa kabla treni haijamaliza mita moja.

Kampuni zinatofautiana kwa namna zinavyokupa sauti. LokSound ya ESU, ya Ujerumani, hupakiwa faili la sauti la kichwa mahususi. Unaweza kulipakia mwenyewe kwa kifaa chao cha LokProgrammer, au ukamwomba muuzaji alipakie kabla ya kutuma. Tsunami2 ya SoundTraxx, ya Marekani, huja na injini, honi na kengele kadhaa ndani yake, nawe unachagua kwa kubadilisha namba. ZIMO ya Austria inapendwa sana na wajenzi wa Ulaya kwa jinsi inavyoiongoza mota kwa ulaini. Zote tatu ni nzuri. Kinachoamua ni nani kati yao ana sauti ya kichwa unachokijenga.

Jambo hili lina uzito kwa anayejenga reli za kwetu, kwa sababu hatapata faili lenye jina la TAZARA. Atafute familia ya injini. U30C za TAZARA ni za General Electric, kwa hiyo sauti ya injini ya FDL ya GE itakaribia sana, kisha abadilishe honi.

Kutenga mota na fremu

Toa bodi. Juu ya mota utaona utepe mrefu wa chuma unaounganisha vigari viwili na kibano cha juu cha kaboni. Utoe, hautarudi. Mota imeshikwa na vishikio laini vilivyopenya matundu ya fremu, visukume kutokea chini. Fanya kazi hii ndani ya trei yenye ukingo, maana vibano vya juu na chini ndivyo vinavyoshikilia kaboni na springi zake, na springi ikiruka sakafuni utaitafuta jioni nzima.

Kibano cha chini kina vijino vinavyogusa fremu. Hivyo ndivyo adui. Fungua kibano, kata vijino au vilaze kabisa, kisha lehemu waya wa kijivu kwenye kibano kikiwa nje ya mota, joto lisije likafika kwenye plastiki. Kibano cha juu kipate waya wa chungwa. Rudisha kaboni na springi, hakikisha mota inazunguka kwa urahisi. Kabla ya kuirudisha kwenye fremu, tandika tepu ya Kapton, ile nyembamba ya rangi ya kahawia isiyoyeyuka kwa joto, kwenye bonde lote ambalo mota inalalia. Tepu ya kawaida ya umeme inaweza kutumika, lakini gundi yake hulainika kwa joto na tepu hutambaa.

Sasa pima. Multimita ikiwa kwenye omu, gusa kibano cha juu na fremu: pasiwe na njia. Kibano cha chini na fremu: pasiwe na njia. Kila kibano na kila gurudumu: pasiwe na njia. Rudia vipimo vyote huku ukiisukuma mota kushoto na kulia kwa kidole, kwa sababu mgusano unaotokea mota ikitikisika ndio unaoua dekoda baada ya wiki mbili za furaha. Kati ya kibano na kibano usome omu chache tu. Hiyo ni waya wa ndani wa mota yenyewe.

Nyaya na rangi zake

Rangi za nyaya za dekoda zimewekwa na kiwango cha NMRA, na karibu kila mtengenezaji anazifuata. Mwekundu unatoka reli ya kulia, mweusi reli ya kushoto, ukitazama mbele kutoka ndani ya kichwa. Wa chungwa na wa kijivu ni za mota. Mweupe ni taa ya mbele, wa manjano taa ya nyuma, wa buluu ni chanya ya pamoja kwa taa zote. Wa kijani na wa zambarau ni za kazi za ziada, ila baadhi ya kampuni hutumia zambarau au kahawia kwa spika. Soma karatasi iliyokuja na dekoda yako.

Kila kigari kipate waya wake kwa kila upande. Fremu na skrubu zilipitisha umeme vya kutosha zamani, lakini kutu na rangi hukata umeme kwa sehemu ndogo za sekunde ambazo mota haizihisi na sauti inazihisi. Lehemu waya mwembamba na laini moja kwa moja kwenye chuma cha kila kigari, uache ulegevu wa kutosha ili kigari kigeuke kwenye kona bila kuvutwa. Paka lehemu kwanza kwenye waya peke yake, kisha kwenye chuma peke yake, ndipo uviunganishe kwa mguso mmoja wa haraka. Ukikawia, mhimili wa plastiki unayeyuka. Kila kiungo kivikwe mpira wa kusinyaa kwa joto, na dirisha la chumba liwe wazi, moshi wa lehemu si wa kuvuta.

Taa za zamani zitupe. Balbu ya Athearn inagusa fremu kupitia kishikio chake, na hilo tena ni njia ya umeme kuingia pasipotakiwa. Weka LED nyeupe yenye rangi ya joto: mguu mrefu uende kwenye waya wa buluu, mguu mfupi upitie rezista ya omu 1,000 hadi waya mweupe au wa manjano. Kwa volti 14 LED itapata takriban miliampea 11, mwanga wa kutosha kabisa. Ukiona ni mkali mno, rezista ya omu 2,200 itautuliza.

Dekoda yenyewe ibandike kwa tepu yenye gundi pande mbili, mahali penye hewa. Usiizungushie tepu yote. Inatoa joto, na dekoda nyingi hujizima zenyewe zikipata joto kupita kiasi.

Spika

Mtu anaweza kufunga dekoda ya bei ghali kuliko zote, akaiunganisha na spika iliyo wazi mgongoni, akapata sauti ya redio iliyo ndani ya kabati. Sababu iko kwenye fizikia. Kiwambo cha spika kinaposukuma hewa mbele, nyuma yake kinaivuta. Mawimbi hayo mawili yakikutana yanafutana, na yanayofutana zaidi ni ya sauti nzito, zile hasa unazozitaka kwa dizeli. Boksi lililofungwa kabisa nyuma ya spika linazuia wimbi la nyuma lisikutane na la mbele.

Kwa hiyo: spika, boksi, na kuziba. Ikiwa nafasi ni ndogo, tumia spika za mstatili za aina inayotumika kwenye simu za mkononi, zenye takriban milimita 11 kwa 15. Zinatoa sauti ya kushangaza kwa ukubwa wake. Ikiwa nafasi ipo, spika kubwa zaidi yenye boksi refu itashinda daima. Kila milimita ya ziada ya kina cha boksi unaisikia. Unaweza kujenga boksi kwa karatasi ngumu ya plastiki ya unene wa milimita 1, ukiiunganisha kwa gundi ya plastiki. Ziba ukingo wa spika na tundu la waya kwa gundi nyeupe ya PVA au silikoni. Kisha bonyeza kiwambo polepole sana kwa ncha ya kijiti laini: kikirudi kwa uzito, kana kwamba hewa inakikataza, boksi limezibika. Kikirudi huru, tafuta mwanya.

Ndani ya GP38-2 ya Athearn nafasi ni finyu, kwa kuwa nyumba ya injini ni nyembamba. Mahali panapofaa zaidi ni juu ya kigari cha nyuma, spika ikitazama juu kuelekea feni za paa. Toboa feni hizo kwa ncha nyembamba ukifuata mikato iliyokuwepo, ili sauti itoke bila kuharibu sura. Uzani wa chuma uliokuwa pale unaweza kupunguzwa, ila usiutupe wote, kichwa chepesi hakivuti. Vumbi la chuma lisibaki karibu na spika: ina sumaku, na chembe moja kwenye kiwambo italeta mkwaruzo usioisha.

Angalia pia omu. LokSound 5 inakubali spika za omu 4 hadi 32. LokSound za kizazi cha 3.5 zilitaka omu 100. Tsunami2 inataka omu 8. Spika yenye omu pungufu ya kiwango inaweza kuunguza kikuza sauti kilicho ndani ya dekoda. Ukitumia spika mbili, ziunganishe kwa mpangilio utakaokupa omu zinazokubaliwa, na uhakikishe chanya na hasi hazijapishana, la sivyo zitafutana zenyewe kwa zenyewe.

Akiba ya umeme

Hata reli safi ina sehemu zilizokufa, hasa katikati ya pointi zenye plastiki. Kapasita ya akiba huipa dekoda umeme kwa muda huo mfupi, injini isizimike. Nunua kifurushi kilichotengenezwa na kampuni ya dekoda yako, kina udhibiti wa kuchaji ndani yake. Kuunganisha kapasita tupu moja kwa moja kwenye dekoda kunaweza kuufanya mtambo mkuu udhani kuna shoti wakati wa kuwasha, kwa sababu kapasita yenye njaa humeza umeme mwingi kwa ghafla. Fahamu pia kwamba kapasita kubwa wakati mwingine huzuia dekoda kusomeka kwenye reli ya kuprogramu. Ukiona hivyo, itenganishe kwa muda.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Usikiweke kichwa kwenye reli kuu. Mitambo mingi ya DCC ina reli ya kuprogramu inayotoa umeme uliopunguzwa, na ukikosea waya hapo dekoda ina nafasi kubwa ya kupona. Soma CV namba 8. CV ni vigezo vilivyohifadhiwa ndani ya dekoda, kila kimoja na namba yake, na CV8 ni kitambulisho cha mtengenezaji: 151 ni ESU, 145 ni ZIMO, 141 ni SoundTraxx. Ukipata jibu sahihi, nyaya za reli na za mota zote mbili zimekaa vizuri, kwa maana dekoda hujibu kwa kuisukuma mota kwa mpigo mfupi wa umeme ambao mtambo unauhisi. Jibu lisipopatikana, usijaribu bahati kwenye reli kuu. Rudi na multimita.

Neno moja kwa msomaji aliye Tanzania au Kenya anayeagiza mtambo kutoka Marekani: tazama maandishi ya adapta. Ikiwa imeandikwa volti 120 peke yake, haitadumu hata dakika kwenye umeme wetu wa volti 230 hadi 240. Tafuta iliyoandikwa 100 hadi 240, au nunua adapta nyingine hapahapa yenye volti na ampea zilezile za kutoa.

Anwani ya kiwandani ni 3. Ibadilishe iwe namba iliyochorwa ubavuni mwa kichwa. Mtambo wako utafanya hesabu wenyewe, lakini ni vizuri kuijua: namba ndefu hugawanywa kwa 256, jibu kamili linajumlishwa na 192 na kuwekwa kwenye CV17, baki linakwenda CV18. Kwa kichwa namba 5918, CV17 ni 215 na CV18 ni 30. Kisha CV29, ambayo ina swichi kadhaa ndani ya namba moja: 34 inamaanisha anwani ndefu, hatua za mwendo 28 au 128, na kutotembea kwa DC. Kuzima DC huko ni kinga, kwa sababu dekoda iliyochanganyikiwa na umeme mchafu wakati mwingine hudhani iko kwenye reli ya kawaida ikakimbia kwa kasi yote. Kichwa kikirudi nyuma unapoamuru kwenda mbele, huna haja ya kufungua bodi. Jumlisha 1, iwe 35.

Ukiwa na kompyuta, pakua JMRI. Ni programu ya bure, na sehemu yake iitwayo DecoderPro inakuonyesha vigezo hivi kwa majina badala ya namba tupu, tena inahifadhi kila ulichobadilisha. Dekoda ikiharibika mwaka kesho, utairudishia mipangilio yake yote kwa mbofyo mmoja. Ukivuruga kabisa, kuandika 8 kwenye CV8 hurudisha dekoda nyingi kwenye hali ya kiwandani.

Kusikiliza na kupunguza

Jambo la kwanza: shusha sauti. Kipimo cha sauti kuu ni CV63 kwa LokSound, CV266 kwa ZIMO, CV128 kwa Tsunami. Anza na nusu ya thamani ya kiwandani. Kichwa halisi kilicho umbali ambao kingeonekana kidogo kama HO kwa macho yako kiko mbali, na sauti yake huko mbali ni tulivu. Sauti ndogo pia haiipasui spika, na vichwa vinne vikiwa mezani pamoja bado watu wanaweza kuzungumza. Baada ya hapo sawazisha kimoja kimoja: honi iwe juu ya injini, kengele chini ya honi, feni na pampu za hewa zisikike kichwa kikiwa kimesimama tu.

Kisha mwendo. CV3 ni muda wa kuongeza kasi, CV4 wa kupunguza. Kiwandani huwekwa vya chini, na kichwa kinaruka kama toi. Kidhibiti cha dizeli ya EMD kina ngazi 8 za nguvu, na injini hupanda kwanza kabla treni nzito haijaanza kusogea. Ukiongeza CV3 na CV4 vya kutosha utausikia mpangilio huo: ngurumo inapanda, sekunde zinapita, ndipo magurudumu yanapoanza. Hapo ndipo ninapoona thamani ya fedha yote iliyotumika. Weka pia kitufe cha breki kwenye kidhibiti kama dekoda yako inacho, maana CV4 ikiwa kubwa kichwa hakisimami kwa kushusha mwendo peke yake.

Kwa mvuke mambo ni tofauti kidogo. Kichwa cha silinda mbili hutoa mipumuo minne kwa mzunguko mmoja wa gurudumu kubwa, cha silinda tatu hutoa sita, na dekoda lazima ipangwe hivyo; kwenye LokSound ni CV57 na CV58. Pima kwa mwendo mdogo kabisa, ukiweka alama ya rangi kwenye gurudumu na kuhesabu kwa sikio. Garratt za daraja la 59 za East African Railways, zilizojengwa na Beyer Peacock wa Manchester, zilikuwa na injini mbili zisizofungamana chini ya boila moja. Mipumuo yake ilikutana, ikaachana, ikakutana tena. 5918 Mount Gelai bado iko kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi, na mjenzi anayetaka kuifanyia modeli haki achague dekoda inayoweza kupiga seti mbili za mipumuo zinazopishana. Baadhi zinaweza, nyingi haziwezi, na hakuna spika itakayoficha upungufu huo.

Mwisho kabisa ni kulinganisha vichwa. Ukifunga GP38-2 ya pili ili zivute pamoja, ziendeshe zikifuatana bila kuunganishwa, umbali wa sentimita 20. CV2 inaweka mwendo wa kuanzia, CV6 wa kati, CV5 wa juu. Rekebisha kile cha haraka kishuke, usijaribu kukipandisha kile cha polepole. Umbali ule ukibaki vilevile kwa mizunguko kadhaa ya reli, kwenye mwendo wa chini, wa kati na wa juu, ziunganishe. Shusha sauti ya kichwa cha pili kidogo zaidi na uchague kwa kila kimoja rekodi ya injini iliyo tofauti kidogo, vinginevyo spika mbili zinazopiga rekodi ileile kwa wakati mmoja zitasikika kama kichwa kimoja chenye mwangwi.